sha256sum au b3sum? Nimezitumia zote kukagua video za harusi, maoni yangu haya hapa

Mimi napiga video za harusi na sendofu, wikiendi moja inaweza kujaza kadi tatu za GB 64 na kadi hizo hizo zinatakiwa kazini wiki inayofuata, kwahiyo lazima nizifute. Mwaka juzi nilikopi ndoa nzima kwenda diski ya nje, kompyuta ikaonyesha imemaliza nikachomoa waya hapo hapo, nikafomati kadi. Kuja kuediti, pale bi harusi anavishwa pete picha imekatika vipande vya kijani mpaka mwisho. Ukubwa wa faili ulikuwa sawasawa kabisa na ule wa kwenye kadi, ndo kilichoniumiza, kwa sababu nilikuwa naangalia ukubwa tu. Wale maharusi walinielewa lakini ile pete haivishwi mara ya pili.

Tangu siku ile sifuti kadi bila kulinganisha heshi. Programu kama sha256sum au b3sum inasoma faili mwanzo mpaka mwisho inakupa mstari wa herufi na namba, ndo heshi yenyewe, ikibadilika biti moja tu mstari unakuja mwingine kabisa.

Nilianza na MD5, njia ya zamani ya kutengeneza heshi, kwa kuwa ndo nilioikuta kila mahali. Kwa faili lililoharibika kwa bahati mbaya bado inakamata vizuri tu, ila toka 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walishaonyesha mafaili mawili tofauti yanayotoa MD5 moja, na SHA-1, njia nyingine ya zamani, nayo ikafuata 2017 pale Google na CWI, kituo cha utafiti cha Amsterdam, walipotoa PDF mbili za namna hiyo. Mtu akitaka kukubadilishia faili makusudi hizo mbili usizitegemee, na sioni sababu ya mtu kuanza nazo leo.

sha256sum ndo ninayoipenda zaidi na sababu kubwa sio usalama, ni kwamba kila mtu anayo tayari. Kwenye Linux ipo, Mac unaandika shasum -a 256, Windows certutil -hashfile jina la faili halafu SHA256. Nikimpa mteja flashi na karatasi yenye zile herufi 64 anaweza kukagua mwenyewe bila kusakinisha chochote. Kasoro yake haiingii kwenye folda za ndani yenyewe, mpaka uisaidie na find, ukiwa ndani ya folda unayotaka kukopi:

find . -type f -exec sha256sum {} + > ../orodha.txt

Ukishahamisha, unasimama ndani ya kopi na kuandika sha256sum -c pamoja na orodha ile, kila faili linaandikiwa OK au FAILED.

b3sum inatumia BLAKE3, njia ya heshi iliyotoka 2020, hii lazima uisakinishe, ila kwenye SSD (diski isiyozunguka) jamani inakimbia, maana inagawa faili kubwa vipande na prosesa yote inafanya kazi kwa pamoja. Sasa niliipeleka kwenye diski yangu ya zamani ile ya kuzunguka nikashangaa inakuwa nzito kuliko sha256sum, diski inakereza tu, kumbe inaisomesha sehemu nyingi kwa wakati mmoja na kichwa cha diski ni kimoja. Nikaongeza --num-threads 1, yaani isisome sehemu nyingi kwa pamoja, ikatulia. Lakini hapo ile kasi yake haikusaidii tena kwa sababu diski yenyewe inatoa kama MB 100 kwa sekunde, na sha256sum inazimeza hizo bila shida. Kwahiyo mwenye SSD achukue b3sum, mwenye diski ya kuzunguka abaki na sha256sum.

Na hili nawaomba mlishike, yoyote utakayochagua usikague pale pale baada ya kukopi. Kompyuta inaweza kukusomea kile kilichobaki kwenye RAM (kumbukumbu yake ya muda) badala ya kilichoandikwa kwenye diski, ukapata OK ya uongo. Toa diski kwa utaratibu, chomoa, rudisha, ndo ukague.

Jumamosi iliyopita nimefanya hivyo hivyo, mafaili yote OK isipokuwa moja, la kukata keki, FAILED. Kadi ilikuwa bado mezani, nikalikopi tena, nikachomoa nikarudisha, likaja OK, ndo nikafomati.