Besi ya punk Kigoma: vifaa nilivyonavyo, kipi kimelipa na kipi nisingenunua tena

Kama una pesa ya kununua kitu kimoja kikubwa tu, kisiwe amplifaya. Ndiyo inayopendeza jukwaani, sikatai, lakini kwa mpiga besi wa punk, roki ya kasi na makelele, aliye Kigoma inakaa mwisho wa foleni. Ule mlio mkavu wenye makali, unaosikika hata gitaa likiwa limechafuliwa sauti (distortion) hadi mwisho, unatoka kwenye nyuzi mpya, piki ngumu (kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi) na kikasha kidogo cha kukoleza sauti ya besi kinachoingia moja kwa moja kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, ya ukumbi. Seti ninayoielezea hapa nimeitumia misimu miwili ya mvua, Mwanga, Ujiji na kwenye shughuli za nje kule Kibirizi, ambako chuma kinaota kutu huku unakitazama.

Gitaa lenyewe la besi ni nakala ya bei ya chini ya Fender Precision. Kiwanda sikitaji, kwa sababu nakala hizi zinafanana kwa uzuri na kwa ubovu. Precision halisi ilianza kuuzwa 1951, na pikapu yake ya vipande viwili ikaja 1957 (pikapu ya gitaa, sumaku na waya vinavyonasa mtetemo wa nyuzi, siyo ile inayobeba dagaa). Ndiyo waliyopiga wapiga besi wa punk Dee Dee Ramone wa Ramones, Sid Vicious wa Sex Pistols na Paul Simonon wa The Clash, na sababu ya kuichagua haikuwa fasheni tu. Vipande vile viwili vimezungushiwa waya kinyume, kimoja kwa mwenzake, kwa hiyo mvumo wa umeme unaoingia pande zote mbili unajifuta wenyewe. Vya kuzungusha ni viwili tu, sauti na toni, hivyo cha kuharibika ni kidogo. Besi ya aina ya Jazz yenye pikapu mbili ni tamu sana kwa rumba, lakini ukifungua pikapu zote mbili sauti za kati zinabonyea, na kwenye punk unapotea kabisa nyuma ya gitaa.

Ubovu wake sasa. Ukinunua nakala kama hii, uwe unajua unanunua na kazi. La kwanza ni nati ya soketi ya waya. Inalegea, soketi inazunguka kila unapochomeka, na nyaya za ndani zinajisokota hadi zinakatika. Ifungue siku ileile uliyonunua, weka washa yenye meno chini ya nati, kaza huku umeishika soketi kwa ndani isizunguke. La pili ni waya mwembamba unaotoka kwenye daraja la nyuzi kwenda kwenye athi ya gitaa. Mara nyingi umebanwa tu chini ya daraja bila kulehemiwa. Utautambua hivi: ukishika nyuzi mvumo haupungui, lakini ukishika chuma cha soketi ya waya unapungua. Legeza skrubu za daraja, kwangua chuma cha upande wake wa chini hadi king'ae, rudisha waya ukiwa umechunwa sentimita 2 hivi, kaza. Fundi redio yeyote anaiweza kazi hii, ila mwambie mapema kwamba vizungushio ni vya kilo-om 250 na kapasita ni mikrofaradi 0.047, asije akakubadilishia kwa alichonacho mezani. Vizungushio vya redio vya kilo-om 10 vitakula sauti yote ya juu, nawe utalaumu nyuzi.

Shingo ndiyo itakayokusumbua zaidi, na hapa ziwa lina sehemu yake. Msimu wa mvua mbao inanywa unyevu, shingo ya gitaa langu inapinda mbele na nyuzi zinakuwa juu. Kiangazi, Juni hadi Septemba, inanyooka, nyuzi zinaanza kugonga freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo), na ncha za freti zinachomoza pembeni kiasi cha kukuchana kiganja. Kwa hiyo marekebisho ni mara mbili kwa mwaka, si mara moja. Kaza nyuzi kwenye tuni yake kwanza, E, A, D, G. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kabla ya kiwiliwili, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Iwe kama milimita 0.3. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo ikipita pale kirahisi, shingo imepinda mno. Geuza chuma cha ndani ya shingo kwa ufunguo wake wa pembe sita, kulia kunyoosha, kushoto kulegeza, robo ya mzunguko tu. Rudisha tuni, acha hadi kesho yake, pima tena. Atakayegeuza mzunguko mzima kwa pupa anaweza kukata chuma hicho, na hapo gitaa limekuwa kuni.

Urefu wa nyuzi, Fender wenyewe wanapendekeza milimita 2.4 kwa E na 2 kwa G, ukipima kwenye freti ya 17. Kwa punk mimi napandisha E hadi 2.8. Ukipiga kwa nguvu uzi unayumba upana mkubwa, na ukiwa chini mno kila pigo linatoka na mchakacho wa freti. Mchakacho kidogo si mbaya, unaongeza makali. Mchakacho ukiua noti, pandisha.

Nyuzi nimejaribu aina mbili. Za nikeli hazina makelele, zinadumu na hazili freti. Za chuma cha pua, kama Rotosound Swing Bass 66, zina mng'ao unaofaa kazi hii, ila ni mbaya kwa ncha za vidole na zinazikwangua freti polepole. Nimebaki na za chuma. Unene 45-65-85-105, kwa elfu za inchi. Seti inayoishia 100 ni rahisi kwa vidole, lakini nikipiga kwa nguvu E inaruka tuni juu kisha inarudi, jambo linalosikika vibaya wimbo unapoanza na besi peke yake.

Hapa kuna kosa linaloharibu nyuzi nyingi kuliko kutu. Watu wanakata uzi ukiwa umenyooka. Baadhi ya nyuzi zina kiini cha mviringo, na ukikata kabla ya kukunja, waya wa nje unateleza juu ya kiini na uzi unakufa, unalia kama umefungwa kitambaa. Vuta uzi hadi kwenye kigingi chake, ongeza kama sentimita 10, ukunje kona ya digrii 90 kabisa, ndipo ukate mbele ya kona. Ingiza ncha kwenye tundu la kati la kigingi na uzungushe mara 2 au 3 kwenda chini. Kisha vuta uzi kwa mkono katikati, tuni, vuta tena, tuni tena, mara tano hivi. Bila hilo tuni itakimbia onyesho zima.

Zikififia usizitupe. Zikunje kama duara, zichemshe kwenye maji matupu dakika 10, zikaushe kabisa kwa kitambaa na jua kabla ya kuzirudisha. Mafuta na uchafu wa vidole vinatoka kwenye mikunjo na mng'ao unarudi, ingawa kwa siku chache tu. Seti moja naichemsha mara mbili, ya tatu haileti kitu. Kwa sisi ambao nyuzi zinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, sufuria ni sehemu ya vifaa. Baada ya kupiga, futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu. Jasho likichanganyika na hewa ya ziwa, asubuhi unakuta madoa.

Piki. Wapiga besi wengi wa hapa wametoka kwenye dansi, wanapiga kwa vidole, na wataona piki ni ushamba. Waache. Wimbo wa kasi ya mapigo 180 kwa dakika, ukipiga noti za nusu pigo zote kwa kushuka chini, ni mapigo 6 kwa sekunde, yaani 720 kwa wimbo wa dakika mbili. Kupiga juu na chini ni rahisi zaidi, lakini pigo la juu ni jepesi kuliko la chini na mwendo unachechemea. Kwa Dunlop Tortex, ya njano, milimita 0.73, inapinda na kuchelewa kurudi. Ya bluu, milimita 1.0, inachosha kifundo cha mkono. Ya kijani, 0.88, ndiyo ninayonunua kwa dazeni. Acha milimita 5 tu zitokeze nje ya vidole, piga kati ya pikapu na daraja. Ukisogea kwenye shingo sauti inanenepa na kulegea.

Sasa kikasha. Kielelezo cha vikasha hivi ni SansAmp Bass Driver ya Tech 21. Changu ni nakala inayofanya kazi ileile kwa mvumo kidogo zaidi. Ndicho kifaa kilicholipa kuliko vyote, na ningekinunua tena leo. Sababu iko kwenye spika za kumbi zetu. E ya chini ina mtetemo wa hezi 41, na spika nyingi za ukumbi haziutoi vizuri. Unachokisikia ni sauti zake za juu, 82, 123 na kuendelea. Kikasha kinaziongeza hizo, na noti inasomeka. Kuna kizungushio cha kuchanganya sauti safi na iliyochafuliwa, nacho kiweke theluthi mbili, usikifungue hadi mwisho. Ukichafua sauti yote, sehemu ya chini inayeyuka na ngoma kubwa inabaki mpweke.

Kisha zungumza na fundi mitambo kabla watu hawajaingia. Mikisa nyingi zimeshawekwa kwa ajili ya rumba au singeli, chini kumejazwa. Muombe apunguze kati ya hezi 60 na 100 kwa desibeli 3 hadi 6, na apandishe kidogo kati ya 700 na 1,000. Usimwambie "nataka makali", atapandisha treble na utasikia piki tu ikigonga.

Umeme wa kikasha umenitesa kuliko kikasha chenyewe. Betri ya volti 9 inaliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata hupigi, kwa hiyo chomoa ukishuka jukwaani. Betri za bei ya chini za zinki na kaboni hazifai, tafuta alkalaini. Ukitumia adapta, soma alama: vikasha vingi vya aina hii vinataka hasi katikati ya jeki, tofauti na adapta nyingi za madukani. Kama unachukua volti 48 kutoka kwenye mikisa, fundi azime chaneli yako kabla hujachomoa waya, la sivyo ule mshindo utaumiza spika na masikio.

Kuhusu athi sina utani. Kumbi kadhaa zina soketi za pini tatu ambazo ya athi haijaunganishwa popote. Kabla ya kusogeza mdomo kwenye maiki, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye kichwa cha maiki. Ikisoma zaidi ya volti chache, usiimbe hadi vifaa vyote viwe vimechomekwa kwenye tawi moja na fundi umeme ameangalia. Kitufe cha kukata athi kilicho kwenye kikasha hakina neno, kinakata waya wa ishara tu. Kukata pini ya athi ya plagi ili mvumo uishe ni kujichimbia kaburi.

Amplifaya nimeiweka mwisho kama nilivyosema. Yangu ni ya wati 100, spika moja ya inchi 15, inatosha mazoezini na mpiga ngoma asiye na hasira. Wanaoota Ampeg SVT ya wati 300 na kasha lake la spika nane za inchi 10, mlio ule ni wa kweli, lakini bodaboda haibebi. Na kuipita ya wati 100 kwa namna ambayo sikio litasema ni mara mbili, unahitaji wati 1,000. Pesa hiyo inanunua nyuzi za miaka.

Vidogo: kwa mkanda kuchomoka, kata pete mbili za mpira wa ndani wa baiskeli, zivishe juu ya vifungo baada ya mkanda. Tuna ya kubana kichwani inababaika na E, ipigie kwa kugusa uzi juu ya freti ya 12. Waya uwe wa gitaa wenye kinga, mita 6, usiwe wa spika, maana huo unavuta redio.