Sony a6400 ya Japani, lenzi ya Kariakoo

Napiga picha za harusi, Mbagala. Mwaka jana niliagiza Sony a6400 iliyotumika kutoka kwa muuzaji wa Japani. Kamera safi, haina hata mkwaruzo, na ilikuwa chini ya bei ya hapa kwa laki nne. Kasheshe ni menyu: a6400 zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani tu, lugha haibadiliki. Nilikariri alama kama mtoto wa madrasa! Ushuru na VAT navyo vikala laki tatu na ushee.

Lenzi nikanunua Kariakoo. Niliifunga palepale dukani, nikampiga muuzaji picha mbili, akanipunguzia elfu thelathini na risiti juu. Ila nenda na tochi umulike vioo. Unyevu wa Dar na fangasi ni ndugu.