Breki za Morris Minor zilivyonigombanisha na fundi

"Mzee, ukitaka breki, nunua gari."

Nimeambiwa hivyo mbele ya wateja wengine, na fundi ambaye alishanifungulia magurudumu mara mbili na kunilipisha mara mbili. Naandika nikiwa bado na hasira. Anayetaka maoni yaliyopimwa kwa mizani akatafute kwingine.

Gari ni Morris Minor, rika langu, ila lenyewe limepakwa rangi upya. Ugonjwa wake ulikuwa gurudumu la mbele kushoto. Asubuhi likiwa baridi, halina neno. Nikishakanyaga breki mara kadhaa njiani, usukani unaanza kuvuta kushoto hata mguu ukiwa mbali na pedali, injini inalemewa kama nimepakia mchanga, na nikisimama napokewa na harufu ya kuungua. Siku moja nilidondosha tone la maji kwenye dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Lilichachatika likapotea hata sijarudisha mkono. Joto hilo likifika kwenye oili ya breki, pedali nayo inalegea. Oili ya aina ya DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya unyevu inaruhusiwa kushuka hadi 155. Na yangu, nakiri, ilikuwa imegeuka rangi ya maji ya kutu. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu.

Sasa gereji. Mara ya kwanza fundi alifungua boneti akatafuta chupa ya oili ya breki. Akatafuta. Akamwita mwenzake, wakatafuta wawili. Nilinyamaza makusudi, nione. Kwenye Minor masta silinda, ile pampu ya oili inayosukumwa na pedali, imejificha chini ya sakafu, miguuni kwa dereva. Unainua zulia, unatoa kifuniko, ndipo unakuta kizibo cha kujazia. Nilipomwonyesha alicheka, akasema "Wazungu bwana!" kisha akaendelea kana kwamba alikuwa anajua tangu mwanzo. Hapo ndipo ilipaswa nichukue ufunguo wangu niondoke. Nikakaa.

Akabadilisha silinda za gurudumu lile (mbele ziko mbili kila upande), akaweka viatu vipya vya breki, vile vinavyobana dramu kwa ndani, akatoa upepo kwenye mabomba ya oili. Nikaondoka nikimsifu. Kama siku mbili hivi nilikuwa mfalme barabarani. Siku ya tatu, harufu ileile.

Mara ya pili ndiyo iliyonichoma zaidi, kuliko hata yale maneno. Hakufungua kitu. Alirudisha nyuma skrubu za kurekebishia viatu, basi, akaniambia tayari. Kweli gurudumu likawa linazunguka vizuri, kwa nini lisizunguke, viatu vimesogezwa mbali na dramu! Lakini pedali sasa ilikuwa inakaribia sakafu kabla breki haijashika. Yaani alinitibu mafua kwa kunikata pua. Niliporudi mara ya tatu kulalamika ndipo nikapewa ushauri wa kununua gari.

Nilikuwa nimeamua kuipa gereji hii nyota moja. Ngoja kwanza, kuna kijana. Ni yule anayeshika tochi na kuosha spana, hata jina hakuna anayemwita zaidi ya "we dogo". Alinifuata nilipokuwa nageuza gari, akainama dirishani na kusema kwa sauti ya chini: "Shikamoo mzee. Likikamata tena usiguse kitu. Fungua nipo kwanza." Alimaanisha kile kichuchu cha kutolea upepo kwenye silinda ya gurudumu.

Nikafanya hivyo nyumbani. Niliweka jeki na stendi, nikazuia magurudumu ya nyuma kwa matofali, nikakanyaga breki na kuachia. Gurudumu la kushoto likagoma kuzunguka, hata kwa mikono miwili. Nikalegeza nipo ya kutolea upepo robo mzunguko: oili ikaruka kama mate ya mtu aliyekasirika, na gurudumu likaachia papo hapo. Basi viatu si wenye kosa, wala springi. Kuna shinikizo limefungiwa ndani halirudi. Nikafunga nipo, nikakanyaga tena, likakamata tena. Safari hii nikalegeza bomba pale linapotoka kwenye masta silinda. Oili ikachuruzika kidogo, gurudumu bado limeganda. Kama masta silinda ndiyo iliyoziba, lingeachia hapo. Halikuachia. Kati ya pale na gurudumu kuna bomba la chuma na mpira mmoja tu wa breki, yaani bomba laini la kupitishia oili.

Niliufungua ule mpira nikaulaani kwa macho kabla ya kuukata. Nje ulikuwa mzima, bila ufa wala uvimbe, ungeweza kuuuza. Nikaupuliza kuelekea upande wa gurudumu: kwa nguvu ya mashavu yote, hewa ikapita. Nikageuza. Hakuna kitu, nimepuliza hadi masikio yakavuma. Nikaupasua kwa wembe kwa urefu wake. Ndani mpira ulikuwa umevimba na kubanduka, kipande chembamba kimesimama kama ulimi kwenye tundu lisilopitisha hata njiti ya kiberiti. Mguu wa dereva una nguvu ya kuusukuma ulimi huo oili ikapita. Springi za viatu hazina nguvu ya kuirudisha. Kwa hiyo kila nikikanyaga nilikuwa naongeza, hakuna kinachotoka.

Nimebadilisha mipira yote mitatu, oili yote, nimerekebisha viatu upya na kutoa upepo hadi ikatoka safi. Linasimama vizuri, limenyooka. Na nikiwa mkweli, zile silinda na viatu alivyofunga fundi havina dosari hata moja. Kazi ya mikono yake ni safi kuliko yangu. Nilishaanza kufikiria nyota tatu.

Nikaupeleka ule mpira uliopasuliwa kwake. Nilitaka aone aibu, sifichi. Aliushika, akaufunua kwa kidole gumba, akautazama muda mrefu.

"Ulikuwa unapumua upande mmoja," akasema.

Nikamwambia kijana wake ndiye aliyenielekeza kwenye nipo. Yule dogo akatabasamu, akasema, "Fundi ndiye aliyenifundisha, mzee."

Kumbe alijua! Alijua, akanirudishia skrubu, akaniambia ninunue gari. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana.

Halafu fundi akaniuliza kama anaweza kubaki na ule mpira, awaonyeshe vijana. Pole hakusema. Nikampa.