Nyuki au maji moto: yupi wa kumfanyia uzamivu Pemba?

Unataka kuchunguza namna ubongo wa mdudu unavyotumia macho kujua njia, na uwanja wako wa utafiti ni Pemba. Wapo wawili wa kuchagua: nyuki wa asali na maji moto, yule sisimizi wa mitini.

Nyuki ana jina. Karl von Frisch, aliyeonyesha kuwa nyuki huelekezana chakula kwa kucheza, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1973. Ubongo wa nyuki una niuroni (seli za neva) zisizofika milioni 1, na hupima umbali kwa jinsi mandhari inavyompita machoni anaporuka. Ila akishatoka mzingani anaweza kwenda kilomita kadhaa. Utamfuata na nini? Bila rada maalumu utabaki kumsubiri mlangoni.

Maji moto humfuati mbali. Yuko juu ya mkarafuu, kashona majani kwa hariri ya mabuu wake, na wachumaji wanamjua kwa meno (waulize). Mtafiti wa wadudu M. J. Way alichapisha utafiti juu yake kutoka Zanzibar mwaka 1954. Macho anayo makubwa. Tabu ni kuwa huacha harufu njiani na wenzake huifuata, kwa hiyo kwanza umbadilishie kijiti walichokanyaga wenzake, kisha usogeze pazia jeusi analoliona pembeni. Akigeuka nalo, macho ndiyo yanayomwongoza.

Kama msimamizi wako anataka urekodi umeme wa niuroni, chukua nyuki, hakuna ubishi. Kwa kazi ya shambani mimi ningeshika maji moto, na shati la mikono mirefu.