Programu za kusimamia faili: ipi ya kulipia ukitaka mikato ya kibodi na menyu yako mwenyewe?

Menyu ya kubofya kulia kwenye Windows huota kama magugu. Kila programu unayosakinisha inajichomekea mstari wake: ya kubana faili, ya kuzuia virusi, ya kucheza muziki. Kwa hiyo unapochagua programu ya kusimamia faili, usianze kuuliza inaongeza nini. Uliza inakuruhusu kuondoa nini.

Windows 11, iliyotoka 2021, iliifupisha menyu hiyo, lakini amri nyingi za programu za zamani zikafichwa kwenye menyu ya pili, ambayo unaifungua kwa mbofyo mwingine au kwa Shift+F10. Kama hilo halikukeri, funga pochi yako.

1. Directory Opus. Kwa menyu, sijaona inayoifikia. Ilianza kwenye kompyuta za Amiga mwaka 1990, na leo inatengenezwa na GPSoftware ya Australia kwa ajili ya Windows pekee. Ina chaguo la kuficha vipengee vya Windows kwenye menyu ya faili. Ukivihitaji, shikilia Shift huku ukibofya kulia. Hapo unabaki na amri zako tu, tena kwa kila aina ya faili: picha zipate ya kupunguza ukubwa, hati zipate ya kuhamia kwenye folda ya kumbukumbu. Kitufe chochote unachotengeneza unaweza kukipa mkato wa kibodi, na mipangilio yote huhifadhiwa katika faili moja la kuhamia nalo kwenye kompyuta mpya. Ubaya wake ni kwamba mipangilio yenyewe haina mwisho. Mtu anayependa kuchokonoa atapotelea humo, na asiyependa atakuwa amelipia vitu asivyovigusa.

2. Total Commander. Hii ni ya watu wa kibodi. Christian Ghisler wa Uswisi ameitoa tangu 1993, na hadi 2002 ilijulikana kama Windows Commander. F5 inanakili, F6 inahamisha, F7 inaunda folda, na unaweza kuvibadilisha vyote. Raha yenyewe iko kwenye amri za kujitungia: zinakaa kwenye faili la maandishi liitwalo usercmd.ini, majina yao yanaanza na em_, na ukiandika %P%N programu inajaza njia (yaani folda lilimo) na jina la faili lililo chini ya kishale. Unaipa amri hiyo mkato, basi. Unalipa mara moja na matoleo mapya hulipii tena. Menyu ya kubofya kulia, hata hivyo, kwa sehemu kubwa inabaki ile ile ya Windows, ndiyo maana nimeiweka ya pili.

3. Double Commander. Ya bure, na ingekuwa hapo juu kama ningepima kwa thamani ya pesa. Inafuata mtindo wa Total Commander, inatumika Windows, Linux na Mac, na vitendo unavyovifunga na aina ya faili hujitokeza kwenye menyu. Ijaribu hii kabla ya kulipia nambari mbili.

4. XYplorer. Inaendeshwa hata kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, na ina lugha yake ya hati za amri. Inamfaa anayehama kompyuta mara kwa mara. Soma aina za leseni kwa makini: si zote zinazokupa matoleo mapya milele.

Watumiaji wa Linux hawana haja ya kununua, kwani programu za bure za kusimamia faili zinatosha. Thunar ina dirisha la vitendo maalumu ambamo unaandika amri na kuchagua ionekane kwa faili zipi. Dolphin na Nemo hufanya hivyo kwa faili fupi za maandishi.

Kwenye Mac, anza na mipangilio ya kibodi, inayokuwezesha kukipa mkato kipengee chochote cha menyu ya Finder, programu ya faili ya Mac yenyewe. Andika jina la kipengee sawasawa na linavyoonekana kwenye menyu, pamoja na vile vidoti vya mwisho, la sivyo mkato hautafanya kazi.