Rimu za inchi 16 kwenye Benzi yangu ya W124: uzoefu wangu

Mtikisiko ulianza tulipopita Mlandizi, mwendo ukifika kilomita 90. Usukani ulitetemeka mkononi; nikirudi 70 unatulia, nikiongeza unaanza tena. Rimu zilikuwa na siku mbili tu tangu zifungwe, na balansi ilifanywa nikiangalia kwa macho yangu. Mama yangu alikuwa kiti cha nyuma, kwa hiyo nilikwenda polepole hadi Morogoro.

Gari ni Mercedes-Benz 230E ya 1991, toleo linaloitwa W124. Lilikuwa na rimu zake za asili za inchi 15 na tairi 195/65 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo), nami nilitaka kitu kinachojaza fenda bila kuharibu sura ile tulivu. Nilipata za aloi, mikono mitano, upana inchi 7.5, laki nane kwa zote nne bila matairi. Muuzaji alisema zinaingia Benzi yoyote.

Kuingia ziliingia. Matundu matano kwenye duara la milimita 112, sawasawa na za kiwanda. Tatizo lilikuwa katikati: tundu la rimu hizi lina milimita 73.1, na habu ya W124, yaani kitovu cha gari ambacho rimu inakalia, ina 66.6. Wanaotengeneza rimu za magari ya aina nyingi huacha tundu hilo kubwa makusudi, kisha pengo linazibwa kwa pete. Mimi pete sikupewa, wala sikujua kuuliza. Rimu ilishikwa na bolti peke yake, ikakaa upande kidogo, na mashine ya balansi haioni kasoro hiyo kwa sababu haipimi rimu ikiwa kwenye habu ya gari lako.

Tulipofungua ndipo nikaona jambo lililonitisha zaidi. Bolti za asili, M12 x 1.5 (unene milimita 12, nyuzi kila milimita 1.5), zina kikalio, yaani sehemu inayobana rimu, cha mviringo kama mpira. Rimu mpya zinataka kikalio cha koni, na fundi alikuwa amefunga zilezile za zamani. Ukikaza unahisi imekaza, kumbe vyuma vinagusana kwenye mstari mwembamba tu, na bolti ya namna hiyo inaweza kulegea safarini. Kabla hujalipia rimu, chungulia shimo la bolti. Ni dakika moja.

Nilinunua bolti za koni zenye urefu unaofaa na pete nne za alumini. Za plastiki nilizikataa, maana breki huchemka na pete iko jirani nazo. Tukakaza kwa spana ya kipimo cha nguvu ya kukaza, Nm (nyutoni mita) 110, na baada ya kilomita kama 80 nikarudia. Mtikisiko ukaisha kabisa. Nilifika hadi 110 na usukani umetulia kama zamani. Furaha niliyoipata siku ile siwezi kuificha.

Matairi ni 205/55. Kimo chote kinatofautiana na cha zamani kwa chini ya milimita 3, kwa hiyo spidi mita haidanganyi. Ila ubavu wa tairi umepungua kutoka milimita 127 hadi 113, na kwenye matuta unajua. Rimu za zamani ni ET 48, hizi ni ET 35; ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, na ikipungua rimu inatokeza nje zaidi. Ukijumlisha na upana ulioongezeka, ukingo wa nje umesogea karibu milimita 26. Nikipakia watu watano na mizigo, tairi la nyuma linagusa mdomo wa fenda kwenye tuta kubwa. Anayeishi barabara ya vumbi abaki na 15. Kwa lami, kwenye kona gari limeshika njia vizuri zaidi, na limependeza sana.

Tairi la akiba bado ni la rimu ya asili, na bolti za koni hazilifai. Kwa hiyo bolti tano za zamani nimeziweka kwenye mfuko mdogo wa turubai, pamoja na ile pini ya kuelekezea rimu wakati wa kufunga, chini ya buti palepale lilipo tairi. Kila fundi anayelishika gari hili namwonyesha mfuko huo kwanza.