Bomba limegusa, halijaungana: tathmini ya zana za Revit za kusaka viungo vilivyoachia

Ndani ya Revit, programu ya kuchora modeli za majengo, bomba linaweza kugusa mdomo wa pampu na lisiwe limeungana nayo. Kwa macho ni kitu kimoja. Kasoro inajitokeza pale mtiririko unaposoma sifuri, hesabu ya presha inapokataa, au unaposogeza pampu na bomba likabaki palepale. Programu inakuja na zana nne za kusaka kasoro hiyo bila kununua nyongeza yoyote: kitufe cha Tab, Show Disconnects, System Browser na amri za Check Systems. Zote zinafaa, ila hazifai kwa kazi moja, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza siku nzima.

Tab ndiyo ya kwanza kushika. Weka kishale juu ya bomba bila kubofya, kisha bonyeza Tab mara moja, mara mbili, hadi mtandao mzima ung'ae. Mng'ao ukikomea kwenye elbo (kiungo cha kona) fulani, kiungo kimeachia hapo. Hakuna mpangilio wa kugusa wala dirisha la kufungua, na jibu linafuata muungano halisi wa vipande. Kwa tawi moja hakuna zana ya haraka kuliko hii.

Show Disconnects ipo kwenye kichupo cha Analyze. Unachagua dakti (njia za hewa), mabomba, trei za nyaya na kondwiti (mirija ya nyaya), au umeme, na kila konekta, yaani mdomo wa kuungia, iliyo wazi inawekewa alama ya tahadhari. Ukibofya alama, unaelezwa tatizo. Udhaifu wake ni mkubwa: haijui kutofautisha kosa na mdomo ulioachwa wazi makusudi. Bomba la hewa la majitaka linalotokea juu ya paa linapewa alama ileile inayopewa bomba la maji ya moto lililosahaulika katikati ya dari. Kwenye jengo kubwa alama zinajaa hadi hazisomeki. Washa aina moja tu kwa wakati mmoja, fanya kazi kwenye mwonekano wa 3D uliokatwa kwa Section Box ghorofa baada ya ghorofa, na ziba kwa Cap Open Ends ncha zile tu ambazo hata kwenye jengo lenyewe zitafungwa. Usizibe bomba la hewa ili alama ipotee. Hapo utakuwa umeiharibu modeli ili skrini ipendeze.

System Browser inafunguka kwa F9, na tawi lake la Unassigned linaorodhesha vifaa visivyo na mfumo. Ni zana nzuri sana, lakini inasoma mfumo wa kimantiki, yaani usajili wa vifaa kwenye mfumo, si muungano wa vipande. Difyuza (mdomo wa hewa chumbani) inaweza kusajiliwa kwenye mfumo wa hewa kabla hata dakti haijachorwa. Ndiyo maana Browser inaweza kuonyesha kifaa kimo ndani ya mfumo huku Tab ikionyesha hakijafikiwa na chochote. Zikipingana hivyo, iamini Tab, unga vipande kwanza, kisha rudi kwenye Browser. Check Duct Systems na Check Pipe Systems ziache mwisho, kwa kuwa zinashika pia makosa ya mwelekeo wa mtiririko, na maonyo hayo hayana maana wakati vipande bado vimeachana.

Zana zote nne zinakuonyesha mahali. Sababu unaitafuta mwenyewe, na mara nyingi ni urefu kutoka sakafuni. Bomba kuu likiwa 2700 mm na tawi likiwa 2695 mm, kwenye mchoro wa ghorofa yanaonekana yamekutana. Pengo la 5 mm halipokei elbo, kwa kuwa fitingi (kipande cha kuungia) ina urefu wake. Sawazisha kimo kwenye dirisha la sifa, halafu tumia Trim/Extend to Corner (TR), amri inayounga na kuweka elbo yenyewe. Kusukuma bomba kwa Move au Align hadi ligusane hakutoshi kuaminiwa. Njia nyingine salama ni kuvuta ncha ya bomba hadi idake konekta, au kuchagua kifaa na kutumia Connect Into. Kabla ya hayo, weka kiwango cha undani cha mwonekano kwenye Fine, washa Thin Lines (TL) na ufiche insulesheni. Kwenye Coarse na Medium mabomba huchorwa kwa mstari mmoja, na insulesheni hufunika pengo kabisa.

Sababu ya pili ni Routing Preferences, mapendeleo yanayosema kila aina ya bomba itumie fitingi zipi. Ukibadilisha kipenyo katikati ya njia na aina hiyo ya bomba haina redyusa (fitingi ya kubadili kipenyo) iliyowekwa kwenye mapendeleo yake, programu inakosa cha kuweka na kiungo kinaachia. Onyo hutokea, mtu anabofya OK, basi. Hakikisha elbo, tii na redyusa zipo kwa vipenyo vyote vya mradi. Kwa mabomba yenye mteremko, angalia pia mpangilio wa pembe za fitingi: ukiruhusu pembe maalum tu, miungano mingi itakataliwa.

Kisha kuna familia mbovu, yaani violezo vya vifaa vilivyotengenezwa vibaya, na hizi zinasumbua kuliko zote. Difyuza ya kuingiza hewa lazima konekta yake iwe na mwelekeo wa In; ikiwa Out, mfumo utalalamika hata kama dakti imefika barabara. Konekta ya maji ya moto iliyosajiliwa kama maji baridi haitaingia kwenye mfumo unaoutaka. Valvu isiyolikata bomba inapowekwa huenda Part Type yake si Breaks Into. Na kifaa cha katikati ya njia, chenye mdomo wa kuingia na wa kutoka, kinahitaji Link Connectors ndani ya kihariri cha familia; bila hiyo mtiririko unafia humo.

Kifaa kilichomo kwenye faili iliyolinkiwa hakiungwi kabisa na bomba la faili yako, hata kikionekana wazi. Kilete kwa Copy/Monitor, au weka cha kwako mahali hapo.

Kwa modeli kubwa, andika skripti fupi yenye Python kwenye Dynamo, zana ya Revit ya kuendesha kazi kwa skripti. UnusedConnectors ya ConnectorManager inatoa orodha ya midomo iliyo wazi, na IsConnected inajibu kuhusu muungano halisi. Usitegemee kuhesabu AllRefs, orodha ya vyote ambavyo konekta imehusishwa navyo, peke yake, maana ndani yake mfumo wa kimantiki nao unaweza kuhesabiwa, na konekta iliyo wazi ikaonekana imeungwa.

Wakati wa matengenezo makubwa, hesabu za aina ya mfumo zinaweza kuwekwa None ili programu isizidiwe. Ukimaliza zirudishe All. Ukisahau, presha itaendelea kutokokotolewa na utarudi kusaka kiungo ambacho umeshakiunga.